Aliye Nje ya Geti

Katika sanduku la bati alilotuachia marehemu baba kuna kadi moja ngumu, imekunjwa mara mbili, na rangi yake imekwisha kuwa kama ya chai ya maziwa. Ni kipande. Waliozaliwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga hawana haja ya kuelezwa kipande ni nini, lakini kwa ajili ya vijana nitaeleza. Kadi ina visanduku 30. Mkata mkonge akimaliza kazi aliyopangiwa kwa siku, karani huweka alama katika kisanduku kimoja. Asipoimaliza, hapati alama, hata kama alianza kukata kabla ya jua kuchomoza. Visanduku vyote 30 vikijaa, ndipo mtu hulipwa mshahara. Kadi hii ya baba ina alama 22. Vinane viko wazi mpaka leo.

Baba alitoka Kasulu mwaka 1947. Aliletwa Tanga kwa treni na lori, akiwa na blanketi alilopewa njiani, pamoja na wenzake wengi wa Kigoma. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba kabla ya kujulikana kwa jina. Waliowachukua walikuwa watu wa SILABU, ofisi iliyoanzishwa na wenye mashamba ya mkonge mwaka 1944 kwa kazi ya kutafuta wafanyakazi katika mikoa ya mbali. Mimi nilizaliwa kambini, wilayani Muheza, mwaka 1953. Kwa hiyo habari nitakayoisimulia sikuianza kuijua nilipoachishwa kazi mimi mwenyewe. Niliisikia utotoni, ila sikuielewa.

Wazee waliomtangulia baba shambani walipenda kusimulia juu ya wakati wa bei kuanguka. Walikuwa na maana ya mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929. Katika muda wa miaka mitatu bei ya mkonge ilishuka kwa zaidi ya nusu. Mashamba yalipunguza watu, na waliobaki wakakatwa mishahara. Jambo lililowashangaza wazee hao ni kwamba mshahara ulipokatwa watu hawakuacha kuja. Walizidi. Kodi ya serikali ilikuwa palepale, na mtu aliyekuwa akiipata kwa kuuza mazao sasa aliyauza kwa bei ya kutupa. Basi kila asubuhi walikuwepo watu wamekaa chini nje ya geti, wakingoja kuona kama kuna mtu leo ameugua. Mnyapara hakuwa na haja ya kupaza sauti. Aliwatazama tu wale walioko nje, kisha akamtazama mkataji aliyekuwa akinung'unika, na manung'uniko yakaisha.

Halafu vita ikaja. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Ufilipino na kisiwa cha Java, kulikokuwa kukitoka katani nyingi, na mara mkonge wa Tanganyika ukawa unatafutwa kama dhahabu. Sasa nje ya geti hapakuwa na mtu. Wakoloni walifika hata kuwaandikisha watu kwa nguvu, na wenye mashamba wakaunda hiyo SILABU, wakawa wanagawa mablanketi na chakula cha njiani. Ndiyo maana baba alipewa blanketi. Kisu alichokuwa akitumia kilikuwa kilekile cha mwaka 1931, na jani la mkonge ni lilelile, lina mwiba uleule. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliokaa nje.

Nimeanza na mkonge kwa sababu huko jambo lilionekana kwa macho. Katika ofisi na viwanda vya siku za baadaye geti hilo lilikuwepo pia, ila lilifichwa nyuma ya barua na mihuri.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda upande mwingine. Bodi iliyoongozwa na Donald Chesworth mwaka 1962 ilipendekeza kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima, na serikali ikakubali. Mishahara ilipanda vizuri. Baba alinunua redio. Lakini waajiri nao wana hesabu zao, hasa wale wa mkonge waliokuwa na watu wengi wa mshahara mdogo. Waliongeza kazi ya siku kwa kila mtu, wakaacha kuwaandika wapya. Idadi ya watu wenye ajira ya mshahara Tanganyika ilishuka kutoka karibu 400,000 mwaka 1962 hadi karibu 340,000 mwaka 1963. Kisha bei ya mkonge, iliyokuwa juu sana mwaka 1963 na 1964, ikaanza kuporomoka, maana kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni.

Shamba la baba liliwapunguza watu mwaka 1968. Yeye alikuwa na alama 22 katika kipande chake. Karani alimwambia kadi isiyojaa hailipwi. Alirudishwa baada ya msimu mmoja, safari hii kama kibarua wa kupalilia, kwa ujira ulio chini ya ule wa kukata, na hakukata mkonge tena kwa mshahara kamili hadi alipokufa mwaka 2009. Nilipomuuliza kwa nini hakudai, alinijibu kwamba aliyekuwa akikaa nje ya geti siku hizo alikuwa yeye.

Mimi niliapa sitashika kisu. Nilisoma ufundi, nikafaulu majaribio ya ufundi daraja la tatu, na mwaka 1974 nikaajiriwa kuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha shirika la umma, mjini Tanga. Sitalitaja jina lake. Waliokuwa wakubwa wake wengi wamekwisha kufa, na wengine tulisali nao. Nilipanda hadi daraja la kwanza. Tulikuwa na zahanati, basi la kutupeleka kazini, uji wa saa nne na tawi la JUWATA, ambalo mimi nilikuwa katibu wake kwa miaka mitano. Ukiniuliza wakati huo kama naweza kupoteza kazi ningekuona huna akili timamu. Hata hivyo mshahara ulikuwa ukiyeyuka mikononi. Toka mwaka 1974 mpaka katikati ya miaka ya 1980 thamani halisi ya kima cha chini ilishuka kwa zaidi ya nusu. Tuliishi kwa vibustani na kuku, tukaendelea kujiita wafanyakazi.

Hapa inanibidi nieleze jambo ambalo si la sifa kwangu. Mwaka 1983 Bunge lilipitisha sheria ya nguvu kazi, na mjini Dar es Salaam watu walianza kukamatwa mitaani. Asiyekuwa na kitambulisho cha kazi alihesabiwa mzururaji, akarudishwa kijijini au kupelekwa kulima. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akishona viatu kwenye baraza la duka Kariakoo, tena akishona vizuri, ila hakuwa na karatasi. Alipoachiliwa alikuja kwangu Tanga akiwa na mfuko mmoja. Badala ya kumpa pole, nilimhutubia. Mimi katibu wa tawi! Nilimwambia kwamba nchi hii haina nafasi kwa wavivu, na kwamba mtu anayetaka kazi huipata. Hakunijibu. Alikula, akalala, na asubuhi akaondoka kwenda Korogwe, akatandika gunia lake pale stendi akaendelea kushona.

Miaka kumi baadaye nchi ilikuwa nyingine. Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yalikuwa yametiwa saini mwaka 1986, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliundwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma, ambayo yalikuwa kama 400. Serikali yenyewe ilipunguza watumishi wake toka kiasi cha 355,000 mwaka 1992 hadi chini ya 300,000 kabla ya muongo huo kwisha. Neno likawa moja katika kila nyumba: kupunguzwa.

Kiwandani kwetu kundi la kwanza lilitoka mwaka 1992. Ninakumbuka vizuri zaidi mambo ya sisi tuliobaki kuliko ya waliotoka. Kabla ya hapo tulikuwa tukikutana kila mwezi na kudai posho ya usafiri. Baada ya hapo mikutano ilikosa watu. Mshahara ulianza kucheleweshwa, mwezi mmoja, kisha miwili, na hakuna aliyeuliza kwa sauti. Saa za ziada zikawa hazilipwi. Wenzetu waliopunguzwa walikuwa wakipita nje ya geti kila siku, wengine wakija kumsalimu mlinzi ili tu waulizie kama kuna kitu, nasi tulikuwa tunawaona kupitia dirisha la karakana. Tulikuwa tunawapenda, na tuliwaogopa. Hakuna aliyetutisha. Sikujua kwamba kwa muda ule wote nilikuwa nikiishi katika hadithi ya wazee wa baba.

Barua yangu ilikuja Agosti 1994. Nilipewa kiinua mgongo, na baadaye fedha zangu za Akiba ya Wafanyakazi. Nilinunua bati na mashine ya kusaga ambayo iliharibika kabla haijarudisha nusu ya gharama yake. Katika hilo sina cha kusema kipya, kwa maana Tanga nzima ilinunua mashine za kusaga mwaka ule.

Mwezi wa tatu nilipata nafasi. Mwenye karakana mmoja, mtu binafsi, alikubali kunichukua kwa kiasi kama robo tatu ya mshahara niliokuwa nao. Nilikataa. Nilikuwa fundi daraja la kwanza, nina miaka 20 kazini, na niliona kukubali ni kujidhalilisha. Tena nilikuwa na hoja ya chama: ukikubali bei ya chini, unawaharibia wenzako wote. Bado nadhani hoja hiyo ni ya kweli. Lakini haikunilisha.

Baada ya mwezi wa sita niliona kitu ambacho hakuna aliyenionya. Watu waliacha kuniuliza ninaweza kufanya nini, wakaanza kuniuliza nilikuwa wapi. Kila nilikokwenda, Chumbageni, Pongwe, mpaka Moshi, swali lilikuwa hilo: muda wote huo ulikuwa unafanya nini? Na jibu walikuwa wamekwisha kujijibu. Kama ni fundi mzuri, mbona hajachukuliwa? Kuna mmoja aliyesema waziwazi kwamba watu wa mashirika tumezoea ulaji na kulala. Nilikuwa na miaka 42, naye aliniita mzee, wala haikuwa kwa heshima. Nami nilibadilika, sitaficha. Nilianza kuchelewa kuamka. Nilikuwa natembea polepole barabara za Ngamiani kama mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka.

Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba jambo hili la mwendo lilipata kupimwa. Katika kijiji cha Marienthal nchini Austria kiwanda cha nguo kilifungwa kati ya mwaka 1929 na 1930, na karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Watafiti, akiwemo mama mmoja, Marie Jahoda, walikaa kule wakahesabu hata mwendo wa wanaume barabarani, wakaona umepungua, ilhali wanawake, ambao nyumbani kazi haikwisha, walitembea haraka zaidi. Maktaba ya kijiji nayo ilipungukiwa wasomaji, ingawa muda wa kusoma ulikuwa tele. Kitabu chao kilitoka mwaka 1933. Mke wangu nilipomsomea habari hiyo alisema hakuhitaji kwenda Austria kuijua.

Mdogo wangu ndiye aliyetulisha. Kila mwisho wa mwezi alituma kitu toka Korogwe kwa kondakta wa basi, pamoja na salamu. Hakunikumbusha hata siku moja maneno yangu ya mwaka 1983. Nilimwomba radhi tulipomzika baba. Alisema hakumbuki. Anakumbuka.

Kazi niliipata mwezi wa ishirini na moja, katika karakana ya mtu mwingine, kwa kitu kidogo kuliko nusu ya mshahara wangu wa zamani, tena kwa malipo ya siku. Nilipojaribu kuongea habari ya bei, yule bwana hakukasirika. Alinyoosha kidole kuelekea mlangoni, walikokuwa wamekaa vijana wanne. Nilivaa bwelasuti siku ileile. Nilifanya kazi kwake miaka 14, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuufikia, kwa thamani ya unga na mafuta ya taa, mshahara niliouacha mwaka 1994.

Kwa muda mrefu nilidhani hiyo ni bahati yangu mbaya, au ni adhabu ya kukataa ile nafasi ya kwanza. Kijana mmoja wa jirani, aliyesomea uchumi pale Mlimani, ndiye aliyeniletea karatasi zilizonifumbua macho. Mwaka 1993, mwaka mmoja kabla ya barua yangu, wachumi watatu wa Marekani, Jacobson, LaLonde na Sullivan, walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa jimbo la Pennsylvania waliopoteza kazi wakati viwanda vilipoyumba. Walikuwa watu kama mimi, waliokaa muda mrefu kwa mwajiri mmoja. Hata miaka kadhaa baadaye, mapato yao yalikuwa pungufu kwa kiasi cha robo nzima. Si wakati wakiwa hawana kazi. Hata baada ya kupata nyingine. Na kuna jambo lililonifanya niweke karatasi chini nikanywe maji: mapato yao yalikuwa yameanza kushuka kabla hawajaachishwa. Mwili huanza kukonda kabla ugonjwa haujapewa jina. Nilikumbuka mishahara yetu iliyochelewa na ile mikutano mitupu.

Juu ya wale tuliobaki ndani, Blanchflower na Oswald waliandika mwaka 1994, baada ya kulinganisha nchi nyingi, kwamba mahali ambapo ukosefu wa kazi ni maradufu ya pengine, mishahara huwa chini kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi. Wazee wa mkonge wasingebishana nao. Na juu ya lile swali la nilikuwa wapi, mwaka 2013 walichapisha wengine waliotuma kwa waajiri wa Marekani barua za kuomba kazi za watu wa kubuni, wenye sifa zinazofanana ila muda wa kukaa bila kazi ukitofautiana. Majibu yalipungua kadiri miezi ilivyozidi, hasa ile minane ya mwanzo. Kwa hiyo nilipoanza kuona mlango unafungwa baada ya mwezi wa sita, sikuwa naota.

Sikubaliani na kila kitu katika karatasi hizo. Zinasema hasara hutokana na ujuzi uliozoea mashine za mwajiri mmoja, usiofaa kwingine. Kwangu haikuwa hivyo. Lathe ni lathe, na ile niliyoikuta kwa mtu binafsi ilikuwa kuukuu kuliko ya shirika. Niliijua kuliko mwenyewe. Kilichopungua si ujuzi. Ni uwezo wa kusema hapana.

Mambo mengine yamerekebishwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana kabla ya kupunguza watu, na imeweka kiinua mgongo cha angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa utumishi, kwa miaka isiyozidi kumi. Mwaka 2018 likaja fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6, kwa wenye michango. Sisi wa mwaka 1994 hatukupata hayo. Michango yangu ina shimo la miezi 21, na kisha miaka 14 ya malipo ya siku ambayo hakuna aliyeyaandika popote, ndiyo sababu leo, nikiwa na zaidi ya miaka 70, bado nanoa visu na mapanga barazani.

Mwaka jana yule kijana wa uchumi alikuja jioni, akakaa kwenye benchi langu. Alikuwa na mwezi wa saba tangu mkataba wake ulipokwisha, muda wote akijitolea ofisi moja bila kulipwa ili asiambiwe amekaa bure. Sasa alikuwa amepata nafasi, kwa nusu ya mshahara wa awali. Aliniuliza, Babu, niichukue au ningoje? Nilimweleza habari ya karakana ya kwanza niliyoikataa na ya pili niliyoikubali. Nilimwambia miezi ndiyo inayomla mtu kuliko hiyo nusu. Aliichukua, akaanza Jumatatu.

Baada ya wiki mbili alipita kunisalimu, ana viatu vipya, lakini uso wake haukuwa wa furaha. Nilimuuliza kulikoni. Alisema kuna dada mmoja pale ofisini, ana miaka 11 kazini, anafanya kazi ileile. Dada huyo alikuwa ameomba nyongeza, na mkubwa wake alimwita ndani, akamwonyesha mkataba wa mgeni.